Wa Kula au wa Mbwa?



Jumamosi iliyopita nilikuwa Soko la Kilombero, hapa Arusha, upande wa nafaka. Nikamwomba mama muuzaji anipimie kilo 5 za unga wa dona. Akashika kopo lake, akanitazama kidogo, akauliza: "Wa kula au wa mbwa?"

Hakuwa na ubaya wowote. Aliyenitangulia alijibu "wa mbwa," akachotewa kutoka gunia lililokaa peke yake nyuma, chini sakafuni, unga wa rangi ya majivu. Nikaomba niuone. Nikaweka kidogo kiganjani, nikanusa. Ulinuka kama shuka lililoanikwa ndani siku ya mvua.

Swali lile nimekuja nalo hadi nyumbani. Hebu sikilizeni tunavyolitumia neno hili. Dagaa wa mbwa ni wale wa chini ya gunia, nusu vichwa, nusu mchanga. Buchani ukisema "nifungie za mbwa," muuzaji hata hageuki kuangalia anachokunja kwenye gazeti. Wali wa mbwa ni ukoko uliolala. Halafu panda daladala nenda supamaketi. Kule "cha mbwa" ni mfuko unaong'aa, una picha ya mbwa mwenye manyoya kama kitambaa cha harusini, na bei yake unaisoma mara mbili ukidhani umeona vibaya. Neno ni lile lile, na kote kuwili likishatamkwa hatuangalii tena kilichomo. Sokoni hatuangalii kwa kuwa ni takataka, supamaketi hatuangalii kwa kuwa ni ghali.

Mimi nina mbwa, anaitwa Siulizi. Mtaani kwetu mbwa bado wanapewa majina ya kumsema jirani, na mtakuwa mmekwishajua kwamba aliyempa jina hili si mimi, ni mke wangu, na jirani aliyekusudiwa ujumbe ameupata. Siulizi ana kilo 25. Mama yake ni koko wa Njiro, baba yake inasemekana ni mbwa wa Kijerumani, ila sikuwapo. Kila alfajiri tunakimbia pamoja, mimi kilomita 6, yeye pengine 9, maana hutangulia, akarudi kuona kama bado ninapumua, akatangulia tena. Kwa hiyo suala la chakula chake kwangu si la nadharia.

Tuanze na ule unga wa kijivu. Mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka sawasawa, au yakilazwa kwenye sakafu yenye unyevu, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu. Wataalamu wetu wameipa jina zuri la Kiswahili: sumukuvu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikabisha hodi kwetu, Dodoma na Manyara, nako ikazika watu. Inachokishambulia ni ini, na ini la mbwa ni katika yale yanayozidiwa nayo upesi. Wala usijidanganye kwamba utaupika ugali mpaka uive sana. Moto wa jiko unaua kuvu wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuiacha haiondoki.

Anayelishwa unga huo kidogo kidogo hafi siku moja. Anaanza kukataa chakula, anatapika, anadhoofu, mwisho ufizi na weupe wa macho unageuka manjano. Mwenye mbwa anasema wezi wamemtegea sumu. Pengine kweli kapewa sumu, ila aliyeinunua ni yeye mwenyewe, kwa kilo, tena kwa kuomba apunguziwe.

Na mwenye mfuko unaong'aa asicheke. Mwishoni mwa mwaka 2020 huko Marekani chakula kikavu cha mbwa kiliondolewa madukani haraka baada ya makumi ya mbwa kufa. Kilipopimwa, ilikuwa sumukuvu hiyo hiyo. Mahindi ni mahindi, hata yakitengenezwa vidonge vyenye umbo la mfupa.

Chakula hiki cha mfuko, kwa wasiojua, husimuliwa kwamba kilizaliwa bandarini. Katikati ya karne ya 19 Mmarekani mmoja, James Spratt, alikuwa London kwa biashara ya vyuma vya kukinga radi, akaona mbwa gatini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia. Akaacha radi, akaanza kuoka biskuti za mbwa. Tangu hapo anayeshawishiwa kununua si anayekula, na picha ile ya manyoya haikuchapwa kwa ajili ya Siulizi.

Sasa ukishika mfuko, upindue. Mbele ni nyimbo, habari iko nyuma. Kwanza tafuta maneno yanayosema kwamba chakula ni kamili, yaani mbwa anaweza kukila peke yake siku zote, na kwa umri gani: mtoto, mtu mzima, au wote. Kama hayapo, umeshika kitafunio. Pili tazama protini. Kanuni zinazofuatwa Marekani zinataka isipungue asilimia 18 kwa mbwa mzima na asilimia 22.5 kwa mtoto, lakini kipimo hicho ni cha chakula kilichotolewa maji. Hapo ndipo wengi hupotea. Kopo limeandikwa protini asilimia 8, mfuko mkavu umeandikwa 24, mtu anasema kopo ni wizi. Ngoja kwanza. Kopo lenye maji asilimia 78 lina kitu kikavu asilimia 22 tu. Gawanya 8 kwa 22 unapata kama asilimia 36. Mfuko wenye maji asilimia 10 una kitu kikavu asilimia 90. 24 kwa 90 ni kama asilimia 27. Kopo limeshinda. Ila maji yale umeyanunua kwa bei ya nyama, hilo nalo ulipigie hesabu.

Tena hata namba yenyewe isikulevye. Maabara kwa kawaida haipimi protini yenyewe, hupima naitrojeni, kisha hukadiria. Mwaka 2007 kuna walanguzi China waliolijua hilo. Walichanganya melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ndani ya unga wa ngano uliokuwa unauzwa kwa viwanda vya chakula cha wanyama. Melamini ina naitrojeni tele, kwa hiyo kwenye karatasi protini ilipanda, na Marekani mbwa na paka wakafa kwa figo kushindwa kazi. Mwaka uliofuata melamini ikaonekana kwenye maziwa ya watoto huko huko China. Yaliyoanzia kwenye bakuli la mbwa yakafika kwenye chupa ya mtoto, kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya mbwa tu aifikirie vizuri kauli yake.

Madukani kwetu lipo jambo jingine: mfuko mkubwa unafunguliwa, unapimwa kwa kilo kama mchele. Ni nafuu, sikatai. Lakini chakula hicho kimenyunyiziwa mafuta, na mafuta yakikaa wazi kwenye joto huchacha, na tarehe imebaki kwenye mfuko ambao huuoni. Omba uuone. Akikuonyesha kwa moyo mweupe, nunua cha wiki mbili, si cha miezi miwili.

Halafu kuna hii mpya ya "bila nafaka." Nimeiona hata hapa Arusha, kwa bei ya kukutoa jasho. Hoja yake ni kwamba mbwa ni mbwamwitu, na mbwamwitu halimi mahindi. Kweli halimi. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi wakaonyesha kwamba mbwa, kwa kuishi nasi maelfu ya miaka jikoni, amepata nakala nyingi za kinasaba cha kusaga wanga, ambacho mbwamwitu ana nakala mbili tu. Mbwa ni mtu wa ugali, kwa ufupi. Na mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza taarifa za mbwa waliopanuka moyo, wengi wao wakiwa wamelishwa vyakula vya bila nafaka vilivyojazwa njegere na dengu. Jambo hilo halijahitimishwa, nami silihitimishi hapa. Ninachosema ni kwamba sioni sababu ya kulipa zaidi ili mbwa wangu aondolewe ugali.

Siulizi anakula nini, basi? Mara nyingi, kilichopikwa. Nitawapikia hapa hapa mbele ya kipaza sauti. Mbwa wa kilo 25 anayekimbia kama yeye huhitaji kalori kati ya 1,300 na 1,500 kwa siku. Nachukua dona gramu 200, ule wa kula. Dagaa wakavu wa Mwanza gramu 100, nawaosha maji matatu, na yale ya kwanza muyaone wenyewe, yanabaki na mchanga wa kusugulia sufuria. Nawachemsha na mifupa na vichwa vyao, namimina dona, nakoroga mpaka uwe mzito kuliko uji na mwepesi kuliko ugali. Nikiepua natia mchicha kiganja kimoja na vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti ya Singida. Hapo inakaribia 1,300. Mara moja kwa wiki naongeza kipande cha ini kilichochemshwa, si kila siku, maana vitamini A ya ini ikizidi nayo ni taabu. Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa, wala kitunguu saumu, vinaharibu damu ya mbwa. Zabibu na chokoleti vilevile, na wale wenzetu wa Kenya wenye makadamia shambani, na hizo pia.

Uzuri wa dagaa ni kwamba analiwa mzima. Mifupa yake laini ndiyo kalsiamu, mwili wake ndio protini. Anayemlisha mbwa mnofu mtupu kwa kuona anamtukuza anamkosesha mifupa, kwa sababu nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Mbwa wa tajiri anaweza kuchechemea kwa njaa ambayo wa maskini haijui. Mapishi yangu siyo msahafu, na ukimpikia mbwa mwaka mzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo umwambie ulichokuwa unatia chunguni, aone kinachopelea.

Nyama za buchani ninazichemsha, na hapa siyo usafi wa kujionyesha. Mapafu na maini ya mbuzi au kondoo yenye malengelenge ya maji, ukimrushia mbwa mabichi, anapata minyoo midogo aina ya tegu, na mayai yake yakirudi kwa binadamu hujenga uvimbe kwenye ini na mapafu unaohitaji kisu cha mpasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huo uliwahi kuwa mwingi kuliko karibu popote duniani, na shirika la afya la AMREF lilianza kampeni ya kupambana nao miaka ya 1980.

Sasa twende kwenye vidonge na vichupa, maana najua wengi mnasubiri hapo. Siulizi akiwa na miezi minne niliingia duka moja la dawa za mifugo kununua dawa ya minyoo. Kijana wa kaunta akanitajia mifupa, akanitajia meno, akanitajia masikio kusimama. Nilitoka na kopo la unga wa kalsiamu na chupa ya vitamini. Wiki ya tatu mtoto akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Daktari alimgusagusa mabega, akaniuliza anakula nini. Nikataja dagaa, kisha kwa majivuno nikataja lile kopo. Akalifunga kifuniko, akalisogeza pembeni kama mtu anayeondoa sahani ya mgeni aliyemaliza kula. Akaniambia: "Mzee, mtoto wa mbwa hajui kukataa kalsiamu. Ikija nyingi, anainyonya nyingi. Mkubwa ndiye anayeweza kusema basi." Tatizo hili linawapiga zaidi watoto wa mbwa wa maumbo makubwa, wale ambao mtu huwaonea huruma akidhani mifupa mirefu inataka chokaa nyingi. Na masikio ya Siulizi, niwape habari, moja limesimama na jingine limelala hadi leo.

Sisemi virutubisho vyote ni porojo. Elimu yetu ya virutubisho imepita kwa mbwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, London, daktari Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa vyakula vya nafaka, oti ikiwemo, wakapata matege. Akawapa mafuta ya ini la samaki, mifupa ikanyooka. Matege ya watoto wengi wa binadamu yalizuilika kwa sababu ya mbwa wale. Na jambo moja ambalo watu hushangaa nikiwaambia: mbwa halitegemei jua kama sisi. Ngozi yake haitengenezi vitamini D ya kumtosha, hata ashinde ameanikwa uwanjani kama muhogo, ni lazima aile. Dagaa tena, mnaona?

Kwa hiyo swali langu kwa kila kichupa ni hili: kinaziba pengo gani? Kama mbwa anakula chakula kamili cha mfuko, vitamini za juu ni kumimina maji kwenye mtungi uliojaa. Kama unampikia, pengo linaweza kuwapo, lakini lijue kwa jina kwanza. Mafuta ya samaki kwa mbwa mzee mwenye viungo vinavyouma, hayo tafiti zimeyaunga mkono. Glukosamini, inayouzwa sana kwa ajili ya magoti, haikuonyesha msaada kwenye mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022. Mnaoinunua mtanikasirikia, najua.

Kinachonisikitisha zaidi ni mbwa aliyechoka. Ufizi umepauka, anahema, hataki kukimbia, mwenye mbwa anakimbilia chupa ya vitamini ya kuongeza damu. Geuza sikio lake uchungulie ndani. Kupe wamejipanga kama mbegu za papai. Kupe wananyonya damu na wanaleta homa, minyoo nayo inanyonya kwa ndani, na wewe unamimina kwa juu. Mpime damu, ua kupe, mpe dawa ya minyoo. Mara nyingi nguvu hurudi zenyewe bila chupa.

Na tuelewane juu ya neno jingine tunalolitumia ovyo, "mbwa wa mazoezi." Usa River, hapa karibu tu na mji, kuna kituo cha kufundisha mbwa wanaonusa pembe za ndovu, wanaopelekwa bandarini na viwanja vya ndege. Mbwa wa namna hiyo anafanya kazi. Kunusa ni kazi ya mwili hasa, kwa sababu anayehema kwa joto mdomo wazi hanusi vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza mwaka 2013 kwamba mbwa wanusaji walioongezewa mafuta ya mahindi kwenye chakula na kupunguziwa protini walipoa upesi zaidi baada ya mazoezi na pua zao zikapungua kukosea. Mafuta ya mahindi, jamani, siyo poda ya kutoka ng'ambo. Lakini mbwa wako anayeshinda kwenye mnyororo chini ya mwembe, akabweka mara tatu kwa usiku, huyo siyo mwanariadha. Kwa uzito kama wa Siulizi, kalori 1,000 na ushei zinamtosha, na ukimpa chakula cha mwanariadha utapata pipa lenye mkia.

Unene wa mbwa tunauchukulia kama heshima ya nyumba. Kuna uchunguzi uliofanyika Marekani kwa miaka 14, mbwa 48 wa aina ya Labrador, wamepangwa wawili wawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Waliopunguziwa waliishi takriban miaka 13, wenzao kama 11. Hakuna kidonge dukani kinachouza karibu miaka miwili.

Mizani huna? Mkono unao. Kunja ngumi, pitisha kidole kwenye vifundo vya ngumi yako: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, kakonda. Fungua kiganja, papasa nyama ya chini ya dole gumba: zikiwa zimezama hivyo, kazidi. Sasa geuza mkono, papasa mgongo wa kiganja, pale mifupa unaisikia bila kuitafuta. Hapo ndipo pake. Nampapasa Siulizi kila Jumapili, yeye anadhani ni mapenzi, na sijamsahihisha.

Kabla sijaondoka, nililipe deni moja. Mlinzi wetu wa usiku, siku ya kwanza aliponiona napima dagaa kwa mizani ya jikoni, alisema kwa sauti ya chini ambayo ilikusudiwa nisikie: "Mbwa wa humu anakula kuliko mimi." Sikuwa na jibu, na sijalipata. Mtu aliyeacha watoto Singida akaja kukulindia geti, akaona protini ya mbwa inapigiwa hesabu, ana haki ya kusema.

Nikamwuliza yeye jioni anakula nini. Akasema, ugali na dagaa.

Basi siku hizi ni chungu kimoja. Dagaa ni wale wale, dona ni ule ule wa kula, alizeti ni ile ile ya kwao. Wakishaiva nachota fungu la Siulizi, naliweka dirishani lipoe, na mlinzi anasogeza jiko upande wake, anatia kitunguu, nyanya na chumvi. Siulizi hukaa kati yetu wawili, sikio moja limesimama, akifuata harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Cha kwenye sufuria ile ndicho anachokitaka, kila siku, na kila siku anakikosa.